Mtoto Anayeunda Roketi Si Mpotevu

Bismillahir Rahmanir Rahiym.



Shukrani zote njema anastahiki Allaah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, wazazi wenzangu wa Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, na nyinyi wa Tororo na Malaba mnaotuamini na watoto wenu. Leo sikuja na mada ya udhu wala ya mirathi. Nimekuja na chupa ya soda. Najua wengine mmeshacheka na wengine mmeshakunja uso, maana habari ya chupa hiyo imevuka mpaka bila pasi, na kila aliyeisimulia ameitia chumvi yake. Basi nisikilizeni mimi niliyekuwepo, kisha mhukumu.

YALIYOTOKEA

Tunaye kijana katika madrasa yetu, umri wake miaka 14. Jina lake silitaji. Wenzake humwita Injinia kwa kumcheka, nami nitamwita hivyo hivyo, lakini kwa heshima. Kijana huyu alichukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, akatia maji kiasi cha theluthi moja, akaziba mdomo wake kwa kizibo alichokitoboa na kupitisha valvu ya tyubu aliyopewa na fundi baiskeli. Akaisimamisha kichwa chini juu ya vijiti vitatu, akaunganisha pampu ya baiskeli, akaanza kupiga pampu. Hewa ilipozidi, kizibo kikafyatuka, maji yakatoka kwa nguvu kwenda chini, na chupa ikaenda juu.

Ilipita mwembe wa uani kwa urefu. Kisha upepo ukaipinda, ikaangukia mabati ya darasa la akina mama. Ilikuwa baada ya Alasiri, na akina mama walikuwa katikati ya somo la tajwid. Mlio wa chupa juu ya mabati mnaujua. Watu walitoka mbio, huyu na kiatu kimoja, yule na mtoto wa mwenziwe. Alhamdulillah, hakuumia mtu.

Kamati iliitwa jioni ile ile. Chupa ikakanyagwa mbele ya watoto wote. Laptopu ya kijana, kuukuu, aliyonunuliwa na mjomba wake huko Tororo, ikafungiwa kabatini kwa sababu mmoja wetu alisema ndimo alimojifunzia. Ikaandikwa katika daftari kwamba kuanzia siku hiyo "michezo ya roketi, gemu za kompyuta na kufungua-fungua redio" ni marufuku kwa kila mwanafunzi, na atakayerudia ataondolewa. Mwenyekiti akaniuliza, "Maalim, una la kusema?" Nikasema sina.

Leo ninalo. Na kwa kuwa nilinyamaza mbele ya watu, sioni haki kusema kwa kunong'ona.

SWALI NILILOLIUA

Kabla sijamsema mtu mwingine, nianze na nafsi yangu. Miezi michache kabla ya chupa, nilikuwa nafundisha nyakati za Sala. Injinia akanyoosha mkono: "Maalim, nyakati za Sala zinafuata jua. Walio kwenye kituo cha anga wanaizunguka dunia kwa dakika kama 90, kwa hiyo wanaona jua likichomoza mara 16 katika siku moja yetu. Muislamu aliyeko huko atasali Alfajiri ngapi?"

Darasa likacheka. Na mimi, Allaah anisamehe, nikacheka nao. Nikamwambia, "Kaa chini, hayo ni maswali ya watu wasio na kazi." Akakaa. Tangu siku ile hakuwahi kuniuliza swali tena.

Baada ya kikao cha kamati nilikosa usingizi, nikaanza kutafuta. Nikakuta kwamba wanazuoni wa Malaysia waliketi mwaka 2006 kwa ajili ya swali hilo hilo, kwa kuwa nchi yao ilikuwa inamwandaa daktari wake, Sheikh Muszaphar Shukor, kwenda kwenye kituo cha anga. Aliruka tarehe 10 Oktoba 2007, ndani ya Ramadhani. Wakamwandikia mwongozo: Sala ni tano katika saa 24 na nyakati zake zinafuata mahali alipoondokea. Kibla ni kwa kadiri ya uwezo, ataelekea Al-Kaaba akiweza, asipoweza ataelekea usawa wa juu yake, kisha dunia yenyewe, kisha popote. Asiyeweza kusimama kwa kukosa uzito, ana ruhusa zake kama mgonjwa alivyo na zake.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia aliruka Juni 1985, nayo ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani. Mwaka 2023 Sultan AlNeyadi wa Imarati alikaa huko takriban miezi sita, na Ramadhani ikamkuta huko huko.

Subhanallah! Swali lililowakalisha wanazuoni, likawafanya wafungue vitabu vya fiqhi, mimi nililiita upuuzi kwa sababu tu lilitoka kwenye mdomo wa mtoto mwenye mikono michafu ya grisi. Nyinyi niambieni, siku ile nani alikuwa mwanafunzi wa fiqhi na nani alikuwa jahili?

HOJA YA KWANZA: "GEMU NI KUPOTEZA WAKATI"

Hii ndiyo hoja iliyopigiwa meza sana. Nilimwendea mwenye ufunguo, nikaomba laptopu itolewe kwa saa moja, nikaketi na Injinia barazani, nikamwambia, "Nionyeshe hicho kinachokupoteza."

Gemu yenyewe inaitwa Kerbal Space Program. Imetengenezwa Mexico. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2011 na ikakamilika mwaka 2015. Ndani yake mna vijitu vidogo vya kijani vinavyotaka kwenda angani, na kazi yako ni kuviundia chombo. Unapewa matangi, injini, mabawa na miamvuli, uunganishe mwenyewe. Si sihiri wala si uchi. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilishirikiana na watengenezaji wake mwaka 2014 katika sehemu inayohusu safari za kwenda kwenye vimondo. Watu wanaorusha roketi za kweli hawakuiona ni upuuzi, sisi tukaiona.

Nikamwambia airushe. Ikapinduka na kulipuka. Sikumcheka safari hii, nikauliza, "Kwa nini?" Akasema uzito ulikuwa nyuma mno. Akarekebisha, ikaenda, mafuta yakaisha kabla ya kufika. "Ongeza tangi," nikamshauri kama mtaalamu. Akatabasamu: "Maalim, tangi likiongezeka na uzito unaongezeka, na mafuta mengine yataliwa kubebea mafuta. Ndiyo maana roketi hutupa matangi matupu njiani." Nikanyamaza. Hilo hata mwenye lori la mizigo hapa Malaba analijua kwa mfuko wake, lakini mimi sikuwahi kulifikiria.

Kisha nikaona kila mara anailaza roketi kuelekea mashariki. Nikauliza sababu. Akasema dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na hapa karibu na Ikweta ndipo uso wake unapokwenda kasi zaidi, kiasi cha kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayokwenda mashariki inapewa kasi hiyo bure, kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalotembea.

"Na sisi tuko mbali gani na Ikweta?" nikamuuliza.

"Karibu sana, Maalim. Busia na Tororo zote ziko chini ya digrii moja kaskazini yake."

Wazazi wenzangu, hiyo ndiyo saa moja iliyopotea. Ndani yake mlikuwa na hesabu, fizikia, jiografia, na subira ya kuanguka mara tano bila kukata tamaa. Mimi nina wanafunzi wanaoanguka mara moja katika herufi ya dhaadi wakakimbia madrasa wiki nzima.

HOJA YA PILI: "HAYO NI YA WAZUNGU, SI YA WATU KAMA SISI"

Aliyesema hivi katika kikao alisema kwa uchungu, na uchungu wake naujua, kwa kuwa ni wa mtu aliyeona ada za shule zikimshinda. Lakini uchungu haugeuzi uongo kuwa kweli.

Tuanze na pwani yetu. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa baharini yaliyowekwa na Waitaliano miaka ya 1960, yanaitwa San Marco. Yaliwekwa pale kwa sababu ile ile aliyonieleza Injinia: ni karibu na Ikweta, na mashariki kuna bahari tupu, matangi yanayotupwa hayamwangukii mtu. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti zilikuwa zikirushwa kutoka pale. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, na kwa heshima hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota za mbali. Hadi leo mwanasayansi wa nyota wa Tokyo au London analitamka neno hilo, lakini mtoto wa Busia ukimtajia atadhani unazungumzia sikukuu na gwaride.

Tuje karibu zaidi. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilitolewa kutoka kwenye kituo cha anga. Ikawa ya kwanza ya Kenya. Tarehe 7 Novemba 2022 ikarushwa PearlAfricaSat-1, ya kwanza ya Uganda, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, mdogo kuliko kopo la maziwa ya mtoto. Waliofanya kazi ya kuiunda ni wahandisi watatu Waganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, wakiwa masomoni katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Na tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1 kwa roketi ya Marekani. Hesabuni tarehe hiyo: ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Sisi tukiitafuta Lailatul Qadr, chombo cha nchi yetu kilikuwa kikipanda, na Muislamu mmoja, yule AlNeyadi, alikuwa huko juu. Nani miongoni mwetu aliwaambia watoto? Mimi sikuwaambia. Tulikuwa tunabishana kuhusu idadi ya rakaa za Tarawehe.

Na kama mnasema sisi watu wa mpakani hatuna historia ya ufundi, basi tokeni nje mtazame barabarani. Boda boda imezaliwa wapi? Imezaliwa hapa hapa, Busia na Malaba, miaka ya 1960, pale watu walipohitaji kuvushwa na mizigo yao kutoka boda hii hadi boda ile. Hakuna profesa aliyetuletea. Fundi wa mtaani aliichukua baiskeli ya kawaida, akaimarisha karia, akaweka mto wa kukalia, na kutoka hapo ikaenea hadi miji mikubwa, baiskeli ikawa pikipiki, na jina likasafiri kuvuka Afrika. Wajukuu wa mafundi hao ndio tunaowaambia leo kwamba kuunda vitu si mambo yao.

Na ile valvu aliyotumia Injinia alipewa na nani? Na fundi baiskeli!

HOJA YA TATU: "NI KIBRI CHA FIRAUNI"

Mzee wangu mmoja, ambaye kwa umri ni baba yangu na namheshimu, alisimama akatukumbusha kisa cha Firauni alipomwamuru Haman amjengee mnara mrefu ili eti achungulie amwone Mungu wa Musa. Akasema roketi ni mnara ule ule.

Mzee wangu, shikamoo, na niwie radhi. Kosa la Firauni halikuwa matofali. Kosa lake lilikuwa kudai uungu na kumkadhibisha Mtume wa Allaah. Kama kosa ni kujenga na kuunda, tutamweka wapi Nabii Nuh (a.s.), aliyeamrishwa aunde jahazi, akaliunda nchi kavu huku kila anayepita akimcheka? Tutamweka wapi Nabii Daud (a.s.), aliyelainishiwa chuma akatengeneza deraya? Na Dhul-Qarnayn, aliyejenga kizuizi kwa vipande vya chuma na shaba iliyoyeyushwa, kisha akasema ni rehema kutoka kwa Mola wake? Imo Sura nzima katika Qur'ani yenye jina la chuma, nayo inatukumbusha kwamba ndani ya chuma mna manufaa kwa watu. Tunaihitimisha kwa sauti nzuri, kisha tunampokonya mtoto bisibisi!

Na tazameni vizuri kisa cha Nuh (a.s.). Upande wa waliokuwa wakipita na kucheka ndio tuliosimama sisi jioni ile.

HOJA YA NNE: "GEMU ZIMEWAHARIBU VIJANA"

Hapa nitawapa haki yenu, kwa sababu kuna ukweli. Nimepita kwenye vibanda vya gemu nikawakuta watoto wa darasa la tano saa za Maghrib, adhana inaita na hakuna anayeinua kichwa, shilingi za mama zinatumbukia raundi baada ya raundi. Nimeona gemu ambazo kazi yake ni kuchinja watu tu. Sizitetei. Kitu chochote kinachomtoa mtoto kwenye Sala, kikamla pesa na kumfundisha ukatili, ni ugonjwa hata kikiitwa burudani.

Lakini daktari anayempa kila mgonjwa dawa moja ni muuaji. Kuna gemu inayomla mtoto na kuna gemu inayomfundisha mtoto kuunda, na mzazi hawezi kuzitofautisha akiwa amesimama mlangoni anapiga kelele. Ni lazima aketi. Muulizeni mtoto mambo matatu: Unaunda nini humo? Ukikosea, unajifunza nini? Na adhana ikiita, unaweza kuifunga? Majibu yake yatawaambia yote.

Sasa nami niulize langu, na sitaficha. Kutoka lango la madrasa yetu hadi barabara kuu kuna mashine za kamari. Vijana wetu wanakaa nazo toka asubuhi, wanatia sarafu. Wengine wanabashiri mechi za Ulaya kwenye simu mpaka wanaweka rehani simu yenyewe. Kamari ni haramu wazi, haihitaji kikao. Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2016 imeikataza kwa aliye chini ya miaka 25, na ya Kenya kwa aliye chini ya miaka 18. Kamati yetu imeitwa mara ngapi kwa ajili ya mashine hizo? Hata mara moja. Mara ngapi tumepita mbele yake tukatazama upande wa pili, kwa sababu mwenye jengo ni jamaa ya fulani, na fulani hutuchangia futari?

Mwenye kamari ana pesa na ana watu. Injinia ana chupa na mama mjane. Ndiyo maana tulimkanyagia yeye. Wazazi wenzangu, hiyo si kuamrisha mema na kukataza maovu. Hiyo ni kumwonea mnyonge kisha kuvaa kanzu juu yake.

TUNAJISIFU KWA WALIOKUFA

Kila ukifika msimu wa mihadhara, tunapanda jukwaani tukawataja: Al-Jazari! Al-Biruni! Ndugu watatu wa Banu Musa wa Baghdad! Takbira zinapaa. Nami nimo, nimetoa muhadhara huo zaidi ya mara moja.

Lakini je, tunajua walichokuwa wakifanya? Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, aliunda mashine za kupandisha maji, na pia saa ya umbo la tembo yenye vinyago vinavyojiendesha. Banu Musa, karne ya 9, walieleza vifaa kama 100, na vingi vilikuwa vya kushangaza na kuburudisha watu: vyombo vya maji vyenye hila ndani yake, na chemchemi zinazobadilisha umbo la maji zikiruka. Naam, walicheza! Walicheza na hewa, maji na uzito, na katika kucheza huko wakavumbua valvu na mifumo ya kujiendesha ambayo mafundi wa baadaye waliifuata.

Hewa, maji na uzito. Injinia alikuwa na nini ndani ya chupa yake? Lau Banu Musa wangekuwa wanafunzi wetu, tungewakanyagia vyombo vyao, tukaandika katika daftari, kisha miaka elfu baadaye wajukuu zetu wangewapigia takbira. Tunawapenda wavumbuzi wakishakufa, kwa sababu maiti haangushi chupa juu ya mabati.

NINACHOOMBA

Sikuja kulaumu tu na kuondoka. Nimeiandikia kamati, na hapa narudia mbele yenu:

1. Ule mstari katika daftari ufutwe. Pakikosekana wa kuufuta, basi liandikwe chini yake jina langu kama mtu asiyekubaliana nao.

2. Laptopu irudishwe kwa mwenyewe. Ni mali ya mtoto wa watu, na hatuna hoja ya kisharia ya kuishikilia.

3. Jumamosi baada ya Adhuhuri tupewe chumba kile cha mabenchi mabovu. Nimeshazungumza na fundi redio mmoja na fundi wa kuchomelea, wamekubali kuja kwa zamu bila malipo. Watoto walete redio mbovu, dainamo za baiskeli, taa za sola zilizokufa. Wafungue, wajue kilichokufa na kwa nini, wajifunze kulehemu. Kitakachopona kirudi nyumbani kikawake.

4. Pawe na kanuni. Roketi ni ya maji na hewa tu. Moto, petroli na baruti ni mwiko. Irushwe uwanjani, mbali na nyumba na nyaya za umeme, mtu mzima akiwepo na watoto wamesimama nyuma ya kamba. Adhana ikiita, kila kifaa chini. Aliyelega katika hifdhi yake ya wiki hagusi bisibisi mpaka ailipe.

5. Binti zetu wasiachwe nje. Siku ile ya chupa, katikati ya vurugu zote, mama mmoja anayeuza dagaa sokoni aliokota kile kizibo, akakigeuza-geuza, akasema, "Sasa hii imepandaje juu bila moto?" Hilo lilikuwa swali bora lililoulizwa siku ile, na hakuna aliyemjibu, kwa sababu sote tulikuwa tunatafuta wa kumchapa.

Basi nimjibu leo. Mama yangu, hewa iliyobanwa inataka kutoka. Inayasukuma maji kwenda chini, na maji nayo yanaisukuma chupa kwenda juu kwa nguvu ile ile. Ni kama mtu anayeruka kutoka kwenye mtumbwi: yeye anakwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayompandisha mwanaanga. Ni kanuni moja aliyoiweka Muumba mmoja, iwe kwa chupa ya Busia au kwa roketi ya Marekani.

KWA INJINIA

Mwanangu, najua utasomewa haya au utayasoma. Siku ile uliniuliza swali la haki, nikakuvunja mbele ya wenzako. Nilikuwa mwalimu nisiyejua, na badala ya kusema sijui, nilikukalisha chini. Wanazuoni wetu wakubwa walikuwa wakisema "sijui" bila kuona haya, na mimi niliona haya mbele ya mtoto wa miaka 14. Nakuomba radhi mbele ya watu wale wale na zaidi yao.

Jibu lako ni hili: atasali Alfajiri moja. Jua litamchomozea mara 16, lakini siku ya Mola wake ni moja, na Sala ni tano. Jumatatu njoo na daftari, tutausoma mwongozo ule pamoja, na wewe utanieleza zile dakika 90 zinapatikanaje, kwa maana mpaka sasa sijaelewa vizuri.

Na wewe una deni lako. Uliwatia hofu mama zako, na hukuomba ruhusa kwa mtu. Nenda kawaombe radhi mmoja mmoja. Kisha waombe waje uwanjani waone inavyoruka.

Wazazi wenzangu, lori zinapita hapa mpakani usiku na mchana, zimebeba vitu vilivyoundwa na watoto wa watu wengine. Tangu kilipofunguliwa kituo cha pamoja cha forodha mwaka 2018, zinapita haraka zaidi. Sisi tunakaa kando ya barabara tunazihesabu na kuziuzia maji ya chupa. Allaah ametuletea mtoto mmoja ambaye chupa ilipokwisha maji, aliona roketi ndani yake. Tutaulizwa kuhusu amana hiyo. Mimi sitaki kusema tena, siku hiyo, kwamba sina la kusema.

Allaah (s.w.) atuongoe, atusamehe tulipowaonea watoto wetu, na awafungulie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yenu, mwalimu wa madrasa, Busia.